Shemeji Anayefika Mbele ya Jua

Kitu cha kunishangaza mimi hakijazaliwa. Nasema hivi mbele ya watu na sirudi nyuma. Nimesukuma baiskeli toka Manono mpaka Kalemie, mizigo nyuma, sufuria shingoni. Nimeona treni ikilala porini wiki nzima, abiria mumoja akajifungua, mwingine akapata muchumba. Nimeona franka ikigeuka karatasi ya kufungia karanga. Shule niliishia mwaka wa ine wa primeri, siku mwalimu aliponirudisha nyumbani juu ya minerval, ile ada ya shule. Leo niko na depo ya simenti inayotoka Kabimba, niko na nyumba mbili za matofali ya kuchoma, na wenye diploma wananiita Patro, mukubwa wa kazi, kabla sijafika kwenye mulango wao. Yote kwa mikono hii. Hakuna mujomba aliyenisaidia.

Na boti ni yangu. Niliichongesha pale kwenye ufuko wa ziwa, mbao za mvule, misumari niliihesabu mwenyewe, nikaweka moteri ya nguvu za farasi kumi na tano. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia siku ya Mungu baada ya misa. Mimi nilitaka moteri tu. Tanga aliliomba bibi yangu.

Tulikuwa tumeoana miaka makumi mbili na tano. Watoto wamekua, wametawanyika. Katika miaka hiyo yote, bibi yangu hakuniomba kitu kikubwa. Sasa akaniambia, "Papa, nifikishe kwetu Moba kwa maji. Tuende sisi wawili, pole pole, tukifuata ufuko, tukilala kwa watu. Na tuwe na tanga, vile baba alikuwa anasafiri."

Baba yake alikuwa mutu wa chumvi na samaki wa kukausha. Alipanda na kushuka ziwa hili na tanga moja, na huyu binti wake akiwa amekaa nyuma kwenye usukani toka angali mudogo. Mimi ni mutoto wa Manono. Maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ndani ya beseni. Lakini ningekataa namna gani? Nikashonesha tanga la turubai jeupe, zuri, na mulingoti wa kusimamisha na kulaza. Nikajisemea, atalitazama tu, safari itafanywa na moteri.

Tuliondoka Kalemie asubuhi, saa moja, watu wakiwa wamejaa ufukoni. Nilitaka wasikie moteri. Nikazunguka mara mbili mbele yao, nikiwa nimesimama, kofia kichwani. Bibi yangu alikuwa amekaa mbele, anaangalia milima. Baada ya saa moja ya mwendo akanigeukia.

"Papa, uizime kidogo. Tujaribu tanga."

"Nimenunua farasi kumi na tano ili nisukumwe na nguo?"

Akacheka, akaendelea kuangalia milima, kama mutu anayengojea mugeni kwenye barabara.

Tukafika Tembwe mbele ya saa tano, pale ncha ya inchi kavu inapoingia ziwani. Na nani tunamukuta ufukoni? Mudogo wangu, wa tumbo moja. Huyu nimemulea mimi. Baba alipokufa, yeye alikuwa na miaka saba, nikamuleta Kalemie, akakulia nyumbani mwangu. Sasa ananunua ndagala, samaki wale wadogo wadogo, kwenye vijiji vya ufuko na kuzipeleka mujini. Ni kijana muzuri, lazima niseme ukweli. Ana meno yote. Anajua kuogelea, anajua kamba, anajua majina ya kila jiwe. Akaingia maji mpaka kiunoni, akaivuta boti, akamushika bibi yangu mukono hadi kwenye muchanga mukavu.

"Karibu, shemeji! Nani alishona tanga hili? Limekaa vizuri kweli."

"Shemeji, ni kaka yako," bibi yangu akasema. "Amelishonesha, halafu anaogopa kulifungua."

Wakacheka wote wawili. Kisha wakapanda ndani ya boti wakaanza kufunga na kufungua kamba, hii ipite huku, hii ikazwe kule, na mimi mwenye mali nimesimama ufukoni nikishika viatu vyangu. Niliangalia vidole vyao kwenye kamba ile moja. Hapo njo ilianzia. Kitu kama pilipili, chini ya mbavu.

Mudogo alituachia samaki wawili, mugebuka, akatuaga, akasema ana kazi. Sikumuuliza anaenda wapi. Tukapewa nyumba ya kulala na mama mumoja mwenye kukausha ndagala, mujane, mukubwa wa umri, mudomo wake haupumziki.

Jioni, jua lingaliko, bibi yangu akapanda kwenye kilima nyuma ya kijiji, maana pale tu njo kuna rezo ya simu. Alienda kumupigia dada yake mukubwa wa Moba, ule tunamwitaka Yaya. Mimi nikamufuata kumupelekea kikwembe cha kujifunika, juu baridi ilikuwa inaanza. Nia yangu ilikuwa nzuri, muandike hivyo. Nikafika nyuma ya jiwe, nikasikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya binti. Nikasimama.

"Leo sikuwa na shemeji, Yaya. Papa alitaka moteri tu, njia yote. Nikamukosa." Akacheka. "Hapana, kesho. Kesho nitaamuka mbele yake. Shemeji anajua saa yangu, si unamujua? Anafika mbele ya jua, na jua likipanda anaenda zake. … Aa, hamu! Yaya, miaka makumi mbili na tano! Akinipapasa shingo tu, nasikia ningali kwa baba."

Mimi mwenye kusema haya, ambaye hakuna kitu cha kunishangaza, nilikaa chini nyuma ya lile jiwe na kikwembe magotini. Shemeji. Niko na mudogo mumoja tu. Hakuna shemeji mwingine duniani.

Nikamuacha ashuke. Kisha nikapanda mimi, nikatoa simu. Kuandika kunanichelewesha, kwa hiyo natumaka sauti. Nikabonyeza nikamwambia mudogo wangu maneno ambayo sitayarudilia yote. Nilimwambia amekula chakula changu na sasa anataka sahani. Nilimwambia najua saa yake ya kufika, mbele ya jua. Nilimwambia asiniite tena kaka. Dakika tatu na nusu. Nikatuma, nikashuka, nikala mugebuka wake aliyetuachia, na alikuwa mutamu, hilo likaniuma zaidi.

Asubuhi, giza likianza kukimbia, nikasikia bibi yangu anaamuka pole pole. Nikamufuata. Akaenda mpaka kwenye maji, akasimama miguu ndani, akavua kitambaa cha kichwa. Mbele yangu! Bibi yangu ambaye hata kwa jirani hatoki bila kitambaa. Akageuza shingo kuelekea milima, akafunga macho. Na njia ya kijiji, ile inayotoka kwenye nyumba ambamo mudogo wangu anafikiaka, inateremka kutoka upande ule ule. Nilingoja nione mutu. Sikuona mutu. Nilisema moyoni, ameniona, amejificha.

"Ah, Papa, umeamuka!" akasema, uso unawaka. "Haraka, tutie boti majini. Ni saa yenyewe."

"Hatuondoki."

"Namna gani?"

"Hatuondoki mbele ya saa ine."

Akaniangalia kama mutu aliyepigwa na usingizi. "Saa ine? Papa, saa ine upepo mukali wa kusini unakuwa umeamuka. Saa ine hata wavuvi wamerudi. Tunaenda kufanya nini katikati ya maji saa ine?"

"Boti ni ya nani?"

Nilikuwa nimeificha mikono ya usukani chini ya mukeka wangu toka usiku ulipoingia, kwa hiyo hata angetaka asingeweza. Akakaa juu ya ukingo wa boti, kitambaa magotini, mpaka jua likapanda. Mara moja moja alikuwa anageuza shingo kwenye milima. Kila akigeuza, mimi nilihesabu.

Saa ine kamili nikatupa mikono ya usukani ndani ya boti, tukaondoka. Wazee wa ufukoni wakatuita, mimi nikawasha moteri ili nisiwasikie. Tulipopita ncha tu, ziwa likabadilika. Mimi nilidhani mawimbi yanakuja moja moja kama watu kwenye foleni. Yale yalikuja yote pamoja. Boti ilipanda, ikaanguka, ikapanda, na maji yakaingia juu ya mudomo wa mbele mpaka kwenye mapaja. Moteri ikakohoa mara tatu, ikameza maji, ikazima. Nilivuta kamba yake mpaka ngozi ya mukono ikatoka.

"Papa, lala chini!" Bibi yangu hakupiga kelele, alisema tu, kama anavyosema watu wakae mezani. Akanivuka, akafungua tanga nusu, akaingia nyuma, akaunga mikono ya usukani, akageuza boti. Niliona mishipa ya mukono wake. Tanga likajaa, likapasuka kutoka juu mpaka katikati kwa sauti ya mulango unaovunjwa, lakini ile nusu iliyobaki ikatushika. Akaturudisha Tembwe na nusu ya tanga. Mimi nilikuwa nimelala kati ya mabidoni ya mafuta kama muzigo wa mutu mwingine.

Watu walituvuta kwenye muchanga. Nilipaswa kushukuru. Lakini nilikuwa nimelowa, moteri yangu imekufa, na watu wale wote wanamupongeza yeye: mama, mama, umeiendesha! Ile pilipili ikapanda mpaka mudomoni.

"Mumwite basi shemeji wake!" nikapaza sauti. "Aje kumusaidia! Si njo anamungojea kila asubuhi?"

Ule mama wa ndagala akaweka mikono kiunoni. "Shemeji? Saa hii? Papa, shemeji alisharudi kulala toka saa tatu."

"Alilala wapi?"

"Kule." Akanyoosha mudomo kwenye milima. "Anakolalaka."

"Nitamufuata huko huko! Nitamuvunja miguu!"

Muvuvi mumoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Ufuko wote ukashika. Wanawake walikaa chini. "Miguu ya shemeji! Papa wa Kalemie anaenda kuvunja miguu ya shemeji! Wamupatie ngazi!"

Ule mama njo alinihurumia. Akanifafanulia pole pole, kama kwa mutu aliyetoka ng'ambo. Katika ufuko huu wa kusini, wanawake wanaopanda maji hawautaji kwa jina lake upepo unaoshuka milimani alfajiri. Ziwa njo mume, maana linatulisha na linatupiga. Upepo ule ni mudogo wa huyo mume. Anakuja mapema, anasaidia kazi, hasemi kitu, anaondoka kabla mume hajaamuka vibaya. Kwa hiyo wanamwita shemeji. Toka nyakati za nyanya zao. "Kwenu Manono hamuna upepo?" akaniuliza.

"Tuko na vumbi," nikasema.

Niligeuka kumutafuta bibi yangu. Yeye peke yake hakuwa anacheka.

"Ulidhani ni nani, Papa?"

Mutu aliyekaa na wewe miaka makumi mbili na tano anasoma paji lako la uso. Aliangalia kwenye njia ya kijiji, akaangalia kwangu tena.

"Mudogo yako?" akasema, sauti chini. "Ule mutoto niliyemuogesha? Niliyemupaka dawa ya upele nikiwa bibi-arusi?"

"Mudogo yake alipanda boti ya ndagala jana mbele ya jua kuzama," ule mama akaongeza, na hapakuwa na mutu aliyemuuliza. "Ako Kalemie."

Nilikumbuka ule ujumbe wa sauti. Nilikimbia mpaka kwenye kilima, na nguo zilizolowa, umri huu. Nilitaka kuufuta. Rezo ikakuja, simu ikalia, ikalia, ikalia. Mudogo alikuwa ameshausikia. Na hakunijibu mimi. Alikuwa ameuweka kwenye kundi la familia, kule walipo watu wa kwetu na watu wa kwa bibi yangu wote, Yaya naye ndani, na chini yake ameandika maneno mawili tu: Mumusikilize kaka.

Siku ile bibi yangu hakuniambia neno baya. Alikaa na ule mama kushona tanga na sindano ya magunia. Jioni nikamwambia nilichotuma. Aliendelea kushona. Alipomaliza akakata uzi na meno.

"Kesho mbele ya jua naondoka na boti," akasema. "Mama huyu ana magunia yake ya Moba, ataenda na mimi. Wewe utapita njia ya milima. Sipandi boti moja na wewe kabla Yaya hajakusikiliza."

"Boti ni…"

"Ni ya nani, Papa?"

Nikaitoa mikono ya usukani chini ya mukeka, kule nilikuwa nimeirudisha, nikamupatia.

Nilikodi mwenye pikipiki. Siku mbili, mawe, matope, magoti. Sitaeleza ile njia, mimi nimeona njia mbaya zaidi. Tukalala Kirungu, kule juu kwenye baridi, na alfajiri tukaanza kuteremka kuelekea Moba. Kwenye kona moja nikamwambia asimame. Ziwa lilikuwa chini yetu, bado la rangi ya majivu. Na karibu na ufuko niliona tanga langu. Nililitambua kwa ule mushono katikati. Lilikuwa limejaa, na boti imelala kidogo upande mumoja, inaenda bila sauti yoyote.

Na upepo nikausikia kwenye mugongo. Ulikuwa unatoka juu nyuma yangu, wa baridi, taratibu, unapita kwenye nyasi, unapita kwenye mashavu yangu, unateremka kwenda kwake. Nilijua sasa ni upepo. Nilifafanuliwa mbele ya kijiji kizima. Na wivu haukutoka, ninasema ukweli. Uliongezeka. Mudogo wangu ningeweza kumupiga. Huyu alikuwa amemujua bibi yangu kabla yangu, alikuwa anamufanya acheke kwa simu kama binti, na mimi, na farasi zangu kumi na tano, sijawahi kumusikia akicheka vile kwa sababu yangu.

"Patro, unalia?" mwenye pikipiki akaniuliza.

"Ni baridi. Endesha."

Kwa Yaya walikuwa wamepanga viti. Wajomba watatu, wanawake sita, na simu katikati ya meza. Nilisalimia, hakuna aliyesimama. Yaya akabonyeza. Nikajisikiliza dakika tatu na nusu, kila neno. Bibi yangu alikuwa amekaa karibu na mulango, bado na chumvi ya jasho kwenye mikono, anaangalia nje. Ilipofika kwenye sahani, mujomba mumoja akainamisha kichwa. Ilipoisha, Yaya akauliza kama naijua ile sauti.

"Ni yangu."

"Unataka bibi huyu arudi nawe Kalemie?"

Depo, nyumba, boti, yote yalinipita kichwani, na hakuna hata kimoja nilichoweza kuweka juu ya ile meza.

"Nataka," nikasema. "Bila yeye boti hairudi. Na mimi siwezi kurudi."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza katika safari ile, na nadhani walilisikia. Wakajadiliana. Kwa bibi: vikwembe viwili vya wax ya kweli, si ya kuiga. Kwa familia: mbuzi dume, kwa ajili ya mudomo wangu. Kwa mudogo: nimupigie pale pale, sauti ikiwa wazi, watu wote wakisikiliza. Nikapiga. Aliacha ilie muda murefu.

"Mudogo wangu," nikasema, "nilikosea. Sikukuelewa, sikumuelewa bibi yangu, sikuelewa kitu."

Mudogo akauliza: "Kaka, walikufafanulia shemeji ni nani?"

"Walinifafanulia."

"Bado unataka kumuvunja miguu?"

Viti vyote vikacheka. Hata kule karibu na mulango nilisikia kitu kidogo, pua tu. Nililipokea hilo.

Tulikaa siku ine. Moteri ilikataa kabisa. Asubuhi ya tano bibi yangu akaniamusha, giza lingali la bluu, akaniweka mbele ya boti nishike kamba, akachukua usukani nyuma. Akavua kitambaa. Tuliteleza tu. Nilimuangalia uso wake, na pilipili ikanishika tena chini ya mbavu.

"Umusalimie," akasema.

"Mimi si mwanamuke wa ziwa. Kwangu yeye si shemeji."

"Kwako ni mudogo. Mwambie asante, anakusukuma bure."

Bure! Nilifanya hesabu kichwani tukipita Tembwe, maana kwa hesabu hakuna mwenye diploma wa kunishinda: pikipiki ya milimani, mbuzi, vikwembe viwili, fundi wa moteri, tanga jipya alilolichagua yeye mwenyewe, kubwa kuliko la kwanza, na uniti za kumupigia mudogo. Shemeji ule amenigharimu dola mia tatu na kumi na mbili, na franka elfu sita na mia tano.